"Kama vile" au "yaani"? Neno dogo linaloweza kumgharimu mvuvi

Katika mialo ya Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, Kirundi, Kifaransa na Kiswahili hukutana kila siku. Tangazo linapohamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine, sehemu inayopotoka kwa urahisi ni ile inayotaja mifano.

Chukulia tangazo hili: "Ni marufuku kutumia zana haramu za uvuvi, kama vile makokoro." Hapa makokoro ni mfano mmojawapo, zipo zana nyingine zilizokatazwa. Mtafsiri akiandika "zana haramu, yaani makokoro", orodha imefungwa: yaliyokatazwa ni makokoro tu. Mwenye wavu wa matundu madogo aliyesikia tafsiri hiyo ataingia ziwani akiamini yu salama, na huenda akarudi bila wavu wake.

Kila neno na kazi yake

"Kwa mfano" ndiyo njia iliyozoeleka zaidi, nayo inaweza kuanzisha sentensi nzima. Mrundi husema "nk'akarorero", Mfaransa "par exemple". "Mathalani", neno lenye asili ya Kiarabu, lina maana hiyohiyo, ila hufaa zaidi maandishi na hotuba rasmi.

"Kama" likisimama peke yake huleta utata. "Samaki kama mikeke" inaweza kumaanisha mikeke wenyewe, ambao Kigoma huitwa migebuka, au samaki wanaofanana nao. "Kama vile" huondoa shaka hiyo. "Mithili ya" nalo hulinganisha tu, halitoi mfano.

"Ikiwemo" lina sharti lake: hufuata ngeli ya nomino. Husemwa samaki mbalimbali, "wakiwemo" ndagala na sangala. Mazao, "yakiwemo" mawese. Nyavu, "zikiwemo" za macho madogo. Kutumia "ikiwemo" kwa kila kitu ni kosa linalosikika hata redioni.

Aidha, aliyekwisha kusema "kama vile" hana haja ya kumalizia kwa "na kadhalika", kwani orodha tayari imeachwa wazi.

Jambo hili si la Kiswahili pekee. Katika Kijapani, nomino mbili zikiunganishwa kwa "to", msikilizaji huelewa kwamba orodha imekamilika. Zikiunganishwa kwa "ya", huelewa kwamba vipo vingine visivyotajwa. Neno la kuanzishia mfano, "tatoeba", hukaribiana na "kwa mfano".

Swali la kujiuliza

Kabla ya kutamka au kuandika mfano, yatosha kujiuliza: je, orodha imekwisha? Ikiwa imekwisha, "yaani" au "ambazo ni" hutosha. Ikiwa haijakwisha, "kama vile" ndilo neno la haki, na katika tangazo la sheria ni vyema orodha kamili ifuate, ili anayesikiliza akiwa mwaloni asilazimike kukisia.