Mkato mbaya huozesha mkorosho: Mkulima, angalia unavyomlipa mpogoleaji

Kila msimu wa korosho unapokwisha katika mikoa ya Mtwara na Lindi, wakulima huingia mashambani na mapanga na mashoka kwa ajili ya kupogolea mikorosho. Kazi hiyo ni ya lazima. Matawi yaliyosongamana huzuia mwanga na hewa, na maotea yanayochipua chini ya mti ndiyo yanayotunza ugonjwa wa ubwiriunga kutoka msimu mmoja hadi mwingine.

Hasara ya ubwiriunga inajulikana. Ugonjwa huo ulitambuliwa nchini Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na ni moja ya sababu zilizofanya uzalishaji wa korosho uporomoke kutoka zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87.

Hata hivyo, ipo hasara nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo ni uozo wa ndani ya shina. Uozo huu huletwa na kuvu wanaokula mbao, na mlango wao mkubwa ni jeraha. Mara nyingi jeraha hilo hatuletewi na upepo wala mdudu, bali tunalifanya wenyewe siku ya kupogolea.

Mti hauponi kama ngozi

Mtu akijikata kidole, nyama iliyoharibika hubadilishwa na nyingine mpya. Mti hauna uwezo huo. Kilichoharibika hubaki pale pale, na mti hukizungushia kuta za kukitenga na sehemu nzima, kisha huendelea kuota juu yake.

Jambo hili lilielezwa kwa kina na mtaalamu wa Idara ya Misitu ya Marekani, Alex Shigo, ambaye alipasua miti mingi kwa urefu ili aone uozo unavyotembea ndani. Mwaka 1977 yeye na wenzake walieleza kuwa ukuta dhaifu ni ule wa kuzuia uozo usipande juu na kushuka chini, na ukuta imara kuliko zote ni ule unaotenganisha mbao zilizokuwepo siku ya jeraha na mbao zinazoota baadaye.

Kwa mkulima, maana yake ni hii: tawi nene likikatwa vibaya leo, uozo unaweza kushuka kwenye shina lote la unene wa leo. Tawi hilo hilo likiondolewa mti ukiwa mchanga, jeraha ni dogo na mti hulifunika mapema. Kwa hiyo anza kuupa mti umbo ungali mdogo, usisubiri hadi tawi liwe nene kama paja.

Wapi pa kukata

Tazama pale tawi linapoungana na shina. Utaona uvimbe kama pete unaozunguka sehemu ya mwanzo ya tawi. Uvimbe huo ni sehemu ya shina, na ndani yake ndimo mti hujenga kinga yake. Kata nje kidogo ya uvimbe huo.

Makosa makubwa ni mawili. La kwanza ni kukata kwa kubana kabisa na shina mpaka uvimbe unaondoka. Hapo umevunja kinga na jeraha linakuwa kubwa. La pili ni kuacha kisiki kirefu. Hicho hufa, hukauka, na kuwa chakula cha kuvu na mchwa.

Tawi zito likatwe kwa hatua tatu:

1. Kata kutoka chini, karibu sentimita 30 toka kwenye shina, hadi theluthi moja ya unene wa tawi.

2. Kata kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza. Tawi litaanguka bila kuchana gome la shina.

3. Maliza kipande kilichobaki kwa kukata nje ya uvimbe, kwa msumeno mkali.

Panga hupasua na kuacha nyuzi ambazo hukaa na maji. Msumeno wa mkono ndio unaofaa. Fanya kazi hiyo siku kavu, baada ya mavuno na kabla mti haujaanza kutoa maua, na usiondoe zaidi ya robo ya matawi kwa mara moja.

Wengine hupaka jeraha rangi, lami au oili chafu. Majaribio ya miaka mingi yameonyesha kuwa vitu hivyo havizuii uozo, na vingine hufungia unyevu ndani. Kama afisa ugani amekuelekeza kupaka dawa ya mrututu kwa ugonjwa maalumu, fuata maelekezo yake, lakini ujue kuwa hakuna dawa inayorekebisha mkato mbaya.

Hesabu iko wapi?

Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja hubeba mikorosho 28. Tuseme kila mti hukupa kilo 10 na kilo moja unaiuza shilingi 2,000. Mti mmoja ni shilingi 20,000 kwa msimu. Mitatu ikioza na kuanguka, umepoteza shilingi 60,000 kila msimu, na kwa miaka mitatu ambayo mche mpya bado hauzai cha maana ni shilingi 180,000. Weka mavuno yako na bei ya kwenu, kisha linganisha na bei ya msumeno dukani.

Sasa tazama namna tunavyolipa. Kibarua anayelipwa kwa idadi ya miti atataka amalize haraka, na panga ni la haraka kuliko msumeno. Anayelipwa kwa kuni ni hatari zaidi, maana faida yake iko kwenye matawi manene, yale yale ambayo mti hushindwa kufunika majeraha yake. Hapo si kwamba kibarua ni mbaya. Malipo ndiyo yanayomwelekeza.

Afadhali umlipe kwa siku, umpe msumeno wako, na utie alama ya chokaa kwenye matawi ya kuondolewa. Kuni ziwe zako, uziuze mwenyewe. Malipo ya mwisho yatoke baada ya kukagua mti kwa mti.

Mti ulioanza kuoza

Ukiona uyoga mgumu umejitokeza kwenye shina kama rafu, fahamu kuwa uozo umeshaenea ndani. Kuung'oa uyoga huo hakuponyi mti. Gonga shina kwa nyundo ya mbao na usikilize kama linalia kama ngoma. Mti wenye uwazi ndani unaweza kuendelea kuzaa, kwa sababu maji hupita kwenye mbao za nje, ila usiuache karibu na nyumba au njia.

Unapotaka kukata mikorosho ya zamani na kubebesha aina bora, chagua mashina mazima tu. Kisiki kilichooza hakitabeba mti mpya kwa miaka mingi, hivyo hapo panda mche.

Uozo huu usichanganywe na ugonjwa wa mnyauko wa mikorosho, ulioonekana wilayani Mkuranga mwaka 2012. Huo husababishwa na kuvu wa kwenye udongo na huingilia mizizini. Mti ukinyauka ghafla, mwite afisa ugani, na usihamishe jembe au udongo wa hapo kabla ya kusafisha vifaa. Kituo cha Utafiti cha Naliendele, Mtwara, ndicho chenye wataalamu wa zao hili.

Mkorosho uliotunzwa unaweza kuzaa kwa zaidi ya miaka 30, na mkato mmoja huchukua dakika chache tu. Kabla hujamkabidhi mtu shamba lako msimu huu, mwonyeshe kwanza ule uvimbe kwenye tawi, ukate la kwanza naye akiangalia, halafu yeye akate la pili nawe ukiangalia.