Gari ya zamani ao gari ya ordinatere: koperative inunue gani?

Simama dakika kumi pale Nguba, kwenye barabara inayoshuka kuelekea mpaka wa Ruzizi ya Kwanza, na utaona miaka arobaini ya magari ikipita mbele yako. Land Cruiser iliyojaa mifuko ya maharagi, Fuso yenye mihogo, Hiace ya taksi, kiisha jipu mpya ya ofisi yenye kamera nyuma na kioo cha kugusa mbele. Zote zinaingia katika mashimo yale yale. Tofauti inaonekana siku moja wapo inapokataa kuwaka.

Wanamemba wapendwa, koperative nyingi za Kabare, Walungu na bonde la Ruzizi zinafika saa ya kuamua jambo hili. Feza imetoka katika sehemu za wanamemba, kidogo kidogo, mavuno baada ya mavuno. Gari ikilala garaji majuma matatu wakati nyanya imeiva Luvungi, nyanya haitangoja piesi ifike kutoka Dubai. Na mkutano utagawanyika: wazee watasema gari za zamani njo gari, vijana watasema mpya inakula mazutu kidogo. Wote wako na haki, lakini si kwa jambo moja.

Tuanze na motere, maana njo pale tofauti iko kubwa.

Land Cruiser ya aina ya 70 ilianza kutengenezwa mwaka 1984. Motere yake inayojulikana sana huku kwetu ni 1HZ, ya mwaka 1990: silinda 6, lita 4.2, mazutu, haiko na turbo. Pompa yake inasukuma mazutu kwa nguvu ya motere yenyewe; haingojei ordinatere iamue kiasi gani. Fundi akiwa na funguo nzuri na masikio mazuri anaweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha. Piesi zake zinapatikana. Njo sababu mashirika ya misaada yaliendelea kuagiza motere hii miaka mingi wakati Ulaya ilikuwa imekwisha kuiacha. Lakini isichukuliwe kama haifi: iko na mkanda wa ndani, na mafundi wengi wanafuata hesabu ya kuubadilisha kila kilomita 100,000. Ukikatika ukiwa njiani, valvu zinapiga pistoni na gharama inakuwa ya motere, si ya mkanda.

Motere za mazutu za kisasa, zilizoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1990, zinafanya kazi namna ingine. Mazutu inakaa katika bomba moja nene chini ya nguvu kubwa sana, na ordinatere inafungua enjekteri kwa sehemu ndogo ya sekunde. Nguvu ile inaweza kupita bari 2,000. Kwa kulinganisha, mpira wa pikipiki unajazwa bari 2 hivi. Faida ni ya kweli: moshi kidogo, nguvu zaidi, mazutu kidogo. Tuchukue mfano: gari moja ikikula lita 14 kwa kilomita 100 na ingine lita 10, koperative inayotembea kilomita 1,000 kwa mwezi inabakisha lita 40. Ziulize kwa bei ya mazutu ya leo, kiisha ziandike ubaoni wakati wa mkutano.

Hasara iko katika bidoni. Enjekteri ya nguvu ile haivumilii maji wala uchafu. Mazutu ya kadhafi wa kandokando ya barabara, iliyokaa katika bidoni iliyokuwa na kitu kingine, pompa ya zamani inaikohoa na kuendelea. Motere ya kisasa inaweza kuharibika nayo, na enjekteri moja mpya si bei ya kuku. Kwa hiyo kama koperative yenu inanunua mazutu stesheni moja inayoaminika, na inabadilisha filtri kwa wakati, gari ya kisasa inawezekana. Kama shofere anajaza popote anapofika usiku, muiache.

Kuna jambo lingine la gari za kisasa ambalo watu wanalichukulia vibaya: taa ya tablo. Taa ya rangi ya chungwa yenye picha ya motere ikiwaka, maana yake kapteri fulani imeona kitu kisicho sawa, na ordinatere imeandika namba ya kosa. Kuna vifaa vidogo vinavyochomekwa chini ya usukani na kusoma namba ile, hata kwenye telefone. Gari za kisasa bila kifaa kile ni kama mgonjwa asiyeweza kusema. Kwa hiyo kabla ya kununua, ulizeni garaji mnayoitegemea: muko na kifaa, na kinasoma gari ya aina hii? Baadhi ya gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe hazikubali vifaa vya kawaida. Na kuna wauzaji wanaotoa balbu ao kubandika kitu juu ya taa. Ukiwasha kontakti kabla ya kuwasha motere, taa zote zinapaswa kuonekana kidogo kiisha kuzimika. Isiyoonekana kabisa, ulize.

Usishangae pia gari ya Japani ikikuamkia kwa sauti ya mama anayeongea Kijapani. Anasema kadi ya kulipa barabara kuu za Japani haijawekwa. Hana neno na wewe.

Sasa freni, na hapa siko upande wa wazee. Gari ya zamani inasifiwa kwa sababu motere haifi, lakini wanaokaa ndani ni watu. Mkanda wa usalama wa nukta tatu tunaoujua ulitengenezwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na bado gari nyingi zinazobeba mizigo yetu hazina hata mmoja unaofunga. ABS, ile inayozuia magurudumu yasikwame ukikanyaga freni kwa nguvu, iliingia sokoni mwaka 1978. Mfumo wa kuizuia gari isiteleze pembeni ukafuata 1995. Mvua ikinyesha juu ya lami, vitu hivi vinaokoa watu.

Shofere aliyezoea gari ya zamani anapaswa kufundishwa upya, ju anakanyaga na kuachilia, kukanyaga na kuachilia. Kwenye ABS hapana: kanyaga sana, shikilia, ongoza usukani, hata mguu ukitetemeka. Na kwenye changarawe ao udongo mwepesi ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama. Acha nafasi kubwa mbele.

Lakini hakuna ordinatere inayoshinda Ngomo. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, Tanganyika karibu mita 770, na barabara ya Bukavu–Uvira inapitisha sehemu kubwa ya mteremko ule katika escarpment ya Ngomo. Shofere anayeshuka akikanyaga freni mfululizo anazichoma, za zamani na za kisasa sawasawa. Vitesi unachohitaji kupanda, shuka nacho. Gari ikiwa automatiki, weka vitesi ya chini kwa mkono, usiiache katika D.

Upande wa usukani nao ni usalama. Kongo na Rwanda tunatembea kuume. Japani, Kenya, Uganda na Tanzania wanatembea kushoto. Gari yenye usukani wa kuume inamlazimisha shofere kutoka sana katikati ili aone kama anaweza kupita lori. Taa zake za mbele zimeelekezwa kushoto, kwa hiyo zinapiga macho ya anayekuja. Fundi azirekebishe ao zibadilishwe. Na Hiace yenye mlango kushoto inamwaga mama na watoto katikati ya barabara.

Siku ya kununua, muende watu watatu: fundi wenu, shofere, na mwanamemba mmoja wa kamati. Fikeni asubuhi na muguse motere: ikiwa ya moto tayari, muuzaji alitaka kuficha namna inavyowaka ikiwa baridi. Kiisha mpakie mifuko ya mchanga na mpande milima ya mji, mshuke nayo, mguse freni zote nne kwa pua: harufu ya kuungua inasema mengi. Linganisheni namba ya shasi na ile ya karatasi, herufi kwa herufi. Na msimalize feza yote kwa bei ya gari. Mipira, freni, mikanda ya viti na filtri vya mwaka wa kwanza viandikwe katika bajeti ile ile, mbele ya mkutano kupiga kura.