Kartier MGL ya Butembo: kompanyi ilienda, jina likabaki

Ukitoka Kirumba kupitia Lubero na kufika Butembo, uulize vijana wa kartier MGL maana ya herufi hizo tatu. Wengi watakujibu: «Ni jina tu ya kartier.»

Hapana. MGL ni Minière des Grands Lacs, kompanyi ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1923. Mwaka 1928 ilijiweka Butembo, wakati bado hakuna mji. Lakini ujue jambo moja: zahabu yenyewe haikuwa hapa. Moja ya machimbo yake makubwa lilikuwa Manguredjipa, karibu kilomita 100 upande wa magharibi, ndani ya pori. Kule watu walichimba. Huku kwa baridi ya milimani ndiko chakula kilitoka.

Maana mchimbaji hali zahabu. Anataka maharagi, mbatata, ndizi, unga. Wanande wa milimani walilima na kuuza, na mama mwenye kubeba kitunga kichwani alijua bei mbele ya kujua kusoma. Kisha zikaja lori, kahawa, na wafanyabiashara wenye kufika mpaka Dubai na China. Mimi naona kitunga kile kilijenga Butembo kupita sururu. (Wazee wa kompanyi wataninunia, wanisamehe.)

Mwaka 1976 MGL iliingizwa ndani ya SOMINKI, nayo SOMINKI ikafa katika miaka ya 1990. Mwaka 1982 serikali ilikuwa imeruhusu raia kuchimba zahabu wao wenyewe, na vijana wengi wakaacha masomo wakashika kolofani. Hata hivyo Butembo ilipata chuo kikuu cha Graben mwaka 1989, na cheo cha mji mwaka 2003.

Mwezi wa sita 2024, wakati M23 iliingia Kanyabayonga na Kirumba, wengi walikimbilia Lubero na Butembo. Mtu akikimbia anabeba mtoto na sufuria. Makaratasi yanabaki nyumbani. Basi wewe kijana, kama babu yako alitumikia MGL, kijitabu chake cha kazi kiko wapi? Chini ya kitanda, pamoja na panya? Ukitafute leo, ukifunge ndani ya plastiki, na umwombe bibi akuambie kambi gani walikaa, na nani alikuwa kapita wao. Uandike majibu yake yote, na tarehe.