Chumba cha Samaki wa Utafiti: Tuanze na Maji

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chumba cha maabara cha kufugia samaki wa utafiti kinavyopaswa kupangwa. Mfano wetu ni samaki wa Ziwa Tanganyika wa jamii ya sikilidi, ambayo ndiyo jamii ya kuhe na ngege. Aina zao ziwani humo zinapita 200, na zilizo nyingi hazipatikani kwingineko duniani. Kwa sababu hiyo wachunguzi wa tabia na mageuko ya wanyama huwafuga hata Ulaya na Marekani.

Mpangaji huelekea kufikiri kwanza juu ya kuta na meza. Inafaa aanze na maji. Maji ya juu ya Tanganyika yana ujoto wa nyuzi 25 hivi za sentigredi, na pH yake hukaribia 9, yaani yako mbali na uasidi. Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua. Katika ujoto huo, maji yakiwa na pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki 1 kwa 100. Yakiwa na pH 9, sehemu hiyo hupita theluthi moja. Basi uchafu unaovumilika katika maji ya kwanza huweza kuua katika haya ya pili.

Kinga ni bakteria wakaao katika kichujio. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila juma. Bakteria hao huhitaji oksijeni, tena huchukua majuma kadhaa kuongezeka. Kwa hiyo vichujio hukomazwa kabla ya samaki kujazwa matangini.

Hapo ndipo umeme unapokuwa jambo la uhai. Pampu ikisimama, oksijeni hupungua, samaki na bakteria huweza kufa pamoja, na kazi ya mwaka mzima ikapotea. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, afadhali kutumia vichujio vya sponji vinavyoendeshwa kwa hewa, pampu ya akiba yenye betri, na samaki wachache katika kila tangi.

Ujenzi hufuata mahitaji hayo. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Matangi 10 ya lita 200 ni tani 2, bila kuhesabu vioo na mchanga. Kwa hiyo chumba kiwe cha chini, chenye sakafu ya mteremko na mfereji. Soketi ziwekwe juu ya usawa wa maji. Taa ziwake saa 12 na kuzimwa saa 12, kama ilivyo karibu na ikweta. Maji ya bomba yaondolewe klorini kabla ya kutumiwa. Samaki wageni watengwe katika chumba chao, chenye nyavu na ndoo zake.

Mtafiti wa Uvira au Kalemie ana ziwa mlangoni; yule wa Lubumbashi hana budi kuyatengeneza maji hayo kwa chumvi za madini. Lakini wote wawili, kabla ya kununua tangi la kwanza, wajiulize: umeme ukikatika usiku wa manane, samaki watapumua kwa njia gani hadi asubuhi?