Poly Styrene: Binti wa Msomali aliyeitikisa punk ya London

Wewe wa Mkomani unajua Somalia si mbali. Ukishafika Kiunga, mpaka uko pale pale. Basi usishangae nikikwambia kwamba mmoja wa waimbaji wakali kabisa wa punk kule Uingereza, baba yake alikuwa Msomali.

Jina lake Marianne Joan Elliott-Said, mzaliwa wa 1957. Mama mzungu, malezi ya Brixton, London. Akiwa na miaka 15 akatoka nyumbani kwenda kuzurura. Julai 1976 akawaona Sex Pistols jukwaani mjini Hastings, kisha akatoa tangazo gazetini kusaka vijana wa kupiga nao. Hapo ikazaliwa X-Ray Spex.

Kama punk huijui: gitaa za kasi, nyimbo fupi, sauti ya kupayuka. Hao waliongeza saksafoni. Yeye akajiita Poly Styrene, yaani ile plastiki nyeupe nyepesi unayoikuta kwenye katoni ya TV mpya. Alipanda jukwaani na waya zake za meno, bila kujali nani anamcheka.

Singo ya kwanza, Oh Bondage Up Yours!, ilitoka 1977. Albamu, Germfree Adolescents, ikafuata 1978. Humo aliimba kuhusu plastiki, matangazo na kununua-nunua ovyo. Lakini umaarufu ulimchosha. Akaugua, madaktari wakasema ni skizofrenia, kumbe ilikuwa bipola. Mwaka 1979 bendi ikavunjika.

Sasa sikiza. 1995 walirudi na albamu, Conscious Consumer. 2008, miaka 30 tangu ile ya kwanza, wakapiga tena ukumbi wa Roundhouse, London. Poly alifariki 2011 kwa saratani, akiwa na miaka 53. Binti yake, Celeste Bell, akashiriki kuongoza filamu ya maisha yake, iliyotoka 2021.

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu hapa hapa Lamu mafundi waliunda Flipflopi, jahazi la plastiki taka na ndara kuukuu, likasafiri hadi Zanzibar 2019. Kilio cha plastiki Poly alikitoa miaka 40 kabla.

Na kama una damu mbili, au kila mtu barazani anakuuliza "wewe wa wapi hasa?", msikilize. Naye aliulizwa hivyo hivyo. Akashika maikrofoni, akajibu kwa kelele.