Jirani ni Nani Wakati wa Maradhi?

Habari za ugonjwa wa Korona zimeandikwa na watu wengi wenye elimu, jinsi ulivyoanza, jinsi ulivyovuka bahari, na jinsi matabibu walivyoshindana nao. Sisi twataka kuandika habari iliyo ndogo, yaani habari za mtaa mmoja wa mashambani, bara ya mji wa Kilifi, katika miezi ya kwanza ya ugonjwa ule. Hatuandiki ili tujisifu, maana mtaona kwamba tulikosa. Twaandika kwa kuwa watoto waliokuwa wadogo siku zile sasa wamekua nao wanauliza, tena ni vema wajibiwe na watu waliokuwapo.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo umeenea ulimwenguni. Siku mbili baadaye Serikali ya Kenya ikatangaza kwamba mgonjwa wa kwanza ameonekana Nairobi, naye alikuwa amerudi kutoka Marekani kwa njia ya London. Jumapili tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Watoto wetu walirudi nyumbani wakiruka kwa furaha, wakidhani ni likizo. Hawakujua kwamba wengi wao hawataingia darasani tena hata Januari 2021.

Kisha amri zikafuatana upesi. Gari la abiria la viti 14 likaambiwa lichukue watu 8 tu, na nauli ikapanda. Nyumba za ibada zikafungwa. Tarehe 27 Machi watu wakakatazwa kutoka nje tangu saa moja ya jioni hata saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 8 Aprili njia za kuingia na kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa zikafungwa. Haukupita mwezi mmoja, na desturi zote tulizozizoea zikawa kama zimekunjwa na kuwekwa sandukuni.

Mwanzoni wengi hawakusadiki. Walikuwako waliosema kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri wapandao ndege, wala hauwezi kumpata mtu alaye sima na mchicha. Wengine walisema jua la Pwani litauua. Wengine walichemsha mwarobaini wakanywa asubuhi na jioni. Sisi hatuudharau mwarobaini, lakini haukuwa dawa ya ugonjwa huu.

Basi wahudumu wa afya wa kijiji wakapita nyumba kwa nyumba wakitufundisha. Walisema kwamba ugonjwa huletwa na kijidudu kidogo mno kiitwacho kirusi, ambacho hutoka katika pumzi na mate ya mtu akisema, akikohoa au akiimba. Kirusi hicho kimevikwa ganda la mafuta, na sabuni huyavunja mafuta hayo kama iyavunjavyo mafuta ya samaki katika sufuria. Wakatuonyesha kutengeneza kibuyu chirizi: kidumu cha plastiki kilichotobolewa, kikatundikwa mtini, kikafungwa kamba ya kukanyagwa kwa mguu, ili mtu anawe pasipo kukishika. Watoto walikipenda sana, hata ikawa lazima kuwakataza wasiyamalize maji kwa mchezo.

Wakatufundisha tena kwamba mtu aweza kuwa na kirusi siku kadhaa kabla hajaugua, na huku anawapa wengine. Kwa hiyo aliyetoka mahali penye ugonjwa alipaswa kukaa peke yake siku 14. Jambo hili tulilishika upesi kuliko yote. Lakini tulilishika kwa upande mmoja tu, na hapo ndipo tulipokosa.

Katika juma la kwanza la Aprili, kabla njia hazijafungwa, kijana mmoja wa mtaa wetu alirudi kutoka Mombasa, ambako alikuwa akifanya kibarua. Kazi ilikuwa imekwisha, wala hakuwa na kodi ya chumba. Alifika jioni na mkoba mmoja, naye alikuwa akikohoa. Asubuhi mama yake alipokwenda kwenye bomba la kijiji, wanawake wakaondoa mitungi yao. Mmoja akamwambia, “Mama, tafadhali usitie mkono hapa. Nyumba yako ina Korona.” Mama yule akageuka akarudi na mtungi mtupu.

Sisi tulikuwapo. Zamu yetu ya kuteka ilikuwa imefika. Sisi tuliokabidhiwa kufundisha watu habari za Msamaria mwema hatukusema neno hata moja. Tulijaza mtungi wetu tukaenda zetu. Siku ile na ya pili yake, nyumba ile ilikunywa maji ya bwawa wanamonyweshwa ng'ombe.

Jioni ya siku ya pili tulikwenda kumjulia hali bibi mmoja mkongwe wa kanisa letu, tukasimama nje ya ua kama tulivyoagizwa. Habari za bombani zilikuwa zimekwisha kumfikia. Akasema, “Mwanangu mwalimu, nilipokuwa mtoto niliiona ndui. Aliyepatwa alijengewa kibanda mbali na nyumba za watu. Lakini alitafutwa mtu aliyekwisha kuugua ndui akapona, naye ndiye aliyempelekea uji na maji kila siku. Ninyi mmejenga kibanda, mkasahau uji. Kutenga si kutupa.”

Ndui ilikomeshwa kabisa duniani, na jambo hilo lilitangazwa mwaka 1980, hata vijana hawaijui ila kwa jina. Lakini mafundisho yake yalikuwa hai katika moyo wa bibi yule, nasi yalituchoma.

Asubuhi tulijaza mitungi miwili, tukaiweka penye mlango wa ua wa mama yule, tukabisha hodi, tukarudi nyuma hatua kadhaa. Alipotoka tulimwomba radhi. Hakujibu mara moja. Aliitazama mitungi, kisha akasema, “Mwalimu, juzi ulikuwa pale bombani.”

“Naam, mama, nilikuwapo.”

“Haya. Asante kwa maji,” akasema, akaichukua mitungi akaingia ndani.

Tangu siku ile hata siku ya 14 nyumba ile haikukosa maji. Sisi tulianza, siku ya tatu tukamkuta mmoja wa wale wanawake wa bombani ametutangulia, na mtungi wake umekwisha kuwekwa mlangoni. Wahudumu wa afya wakamleta mtu wa kumpima kijana, na sampuli yake ikapelekwa mjini Kilifi kwenye maabara ya KEMRI, ambayo siku zile ilikuwa ikipima sampuli za watu wa Pwani. Jibu likarudi kwamba hana Korona. Watu wakafurahi. Lakini, wasomaji, tusidanganyike: hata kama angalikuwa nayo, deni letu kwake lingalikuwa lile lile. Tena tungalimwonea haya zaidi.

Baada ya jambo hilo njaa ikaonekana. Hoteli nyingi za Watamu na Malindi zilikuwa zimefungwa, na waliokuwa wapishi, wafuaji na walinzi wakarudi kwao mikono mitupu. Wagema walikosa wanunuzi. Wazee wa kanisa watano wakakutana chini ya mwembe, kila mmoja ameketi mbali na mwenzake, nasi tukaleta daftari la waliobatizwa ili tuzihesabu nyumba zenye shida. Mzee mmoja akasema, “Mahindi ni machache. Tuanze na walio wetu.” Neno hilo halikuwa la mtu mbaya, yeye mwenyewe alikuwa na wajukuu wengi wa kulisha. Mzee mwingine akamjibu, “Mwenzangu, ugonjwa huu hauulizi nani amebatizwa. Je, njaa yauliza?”

Wakashindana kwa muda mrefu, wala hawakupatana siku ile. Lakini mwishoni mwa Aprili Ramadhani ikaanza, na jirani zetu Waislamu, ambao nao hawakuweza kwenda msikitini, wakapeleka unga na tende katika baadhi ya nyumba za Wakristo pasipo kuuliza neno. Mzee yule wa kwanza alipoona hayo akatujia mwenyewe, akasema, “Mwalimu, liweke lile daftari. Tuhesabu kwa milango.” Ndivyo tulivyofanya. Tulipita mlango kwa mlango, tukiuliza mambo mawili tu: yuko mzee au mgonjwa humu, na mlikula nini jana. Aliyekuwa na mihogo alitoa mihogo; aliyekuwa na nazi alitoa nazi; asiye na kitu alibeba.

Ibada nayo ikatafuta njia. Sikukuu ya Pasaka iliangukia tarehe 12 Aprili. Kanisa lilikuwa limefungwa, lakini saa ya sala tuliigonga kengele yetu, ambayo ni rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa mtini, na kila jamaa wakasimama mlangoni kwao wakasali. Mwezi wa Mei alipofariki mzee mmoja wa kanisa kwa maradhi mengine, amri iliruhusu watu 15 tu mazikoni. Kwetu matanga ni siku nyingi na watu wengi, na kumwacha mfiwa peke yake ni aibu kubwa. Siku ile tuliigonga rimu tena mwili ulipoteremshwa kaburini, na mtaa wote ukasimama milangoni kimya. Mjane alituambia baadaye, “Sikuwaona, lakini nilijua mmesimama.”

Njia za Kilifi zilifunguliwa Juni 2020. Makanisa yakaruhusiwa mwezi wa Julai, watu wasiozidi 100, kwa muda wa saa moja, pasipo watoto walio chini ya miaka 13 wala wazee waliozidi miaka 58. Chanjo ilifika Kenya Machi 2021. Lakini miezi ile ya kwanza hatukuwa na chanjo wala dawa. Tulikuwa na maji, sabuni, barakoa za kitambaa, na sisi kwa sisi.

Sasa twapenda kuweka mbele yenu mambo matatu, enyi wazazi na waalimu, maana ugonjwa huu haukuwa wa kwanza, wala hatuwezi kusema utakuwa wa mwisho.

La kwanza, amri ya kujitenga ina sehemu mbili. Anayetengwa ana wajibu wa kukaa kwake. Anayemtenga ana wajibu wa kumpelekea maji na chakula. Anayeshika sehemu moja tu hajashika amri.

La pili, zijueni nyumba zenu kabla ya shida. Siku zile masomo yalitangazwa kwa redio ya KBC, lakini nyumba nyingi hazikuwa na redio, nasi hatukulijua hilo hata tulipopita milangoni. Mwalimu na aandike mapema: nani anakaa peke yake, nani hana maji karibu, mtoto gani hana wa kumsomesha.

La tatu, msimwache mtoto ajifunze woga kutoka kwenu. Wale watoto waliosimama bombani asubuhi ile walituona tukinyamaza. Tulipofungua tena mafundisho yao, tuliwaambia habari hii kama ilivyo, pamoja na kosa letu. Mmoja akauliza, “Mwalimu, mbona hukusema kitu?” Tukamjibu kwamba tuliogopa. Akafikiri kidogo, akasema, “Hata mimi niliogopa.”

Bibi yule aliyetufundisha habari za ndui hakuweza kuja kanisani mwezi ule wa Julai kwa sababu ya umri wake. Basi kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda kwake, tukasimama nje ya ua, yeye akaketi juu ya kigoda chake mlangoni, tukasali pamoja kwa sauti kubwa, maana masikio yake yalikuwa mazito. Na aliyemletea maji ya siku ile, mara nyingi, alikuwa yule mama wa mtungi mtupu.