Tairi Likipata Moto, Usilipunguze Upepo

Madereva wengi wanaosafiri juani, tuseme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, hupunguza upepo wa tairi kabla ya kuondoka ili joto la njiani lisije likalipasua. Wana haki kuamini kwamba hewa ikipata moto hutanuka. Kinachowaponza ni hesabu, maana hawaulizi inatanuka kiasi gani.

Joto hutanua karibu kila kitu, ila si kwa kipimo kimoja. Chembe za yabisi zimeshikana, na zikipashwa moto huachana kidogo mno: reli ya chuma cha pua yenye urefu wa kilomita 1 hurefuka sentimita 36 hivi joto likipanda nyuzi 30. Aluminiamu hurefuka karibu mara mbili ya hapo, kwani kila yabisi ina kiwango chake. Chembe za gesi hazishikani. Hukimbia huku na huku zikigonga kuta za chombo. Mwaka 1802, Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac alionyesha kwamba gesi za aina mbalimbali hutanuka kwa uwiano uleule. Leo tunajua kwamba kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi gesi huongezeka sehemu 1 kati ya 273 ya ujazo iliokuwa nao kwenye nyuzi 0. Ikinyimwa nafasi, shinikizo ndilo hupanda.

Chukua tairi lililojazwa PSI 32 asubuhi, joto likiwa nyuzi 27. Geji huonyesha tu kinachozidi shinikizo la hewa ya nje, ambalo pwani ni kama PSI 14.7, kwa hiyo ndani mna 46.7. Kwa kipimo cha Kelvini, nyuzi 27 ni 300. Hewa ya ndani ikifika nyuzi 57, yaani 330, shinikizo hupanda kwa asilimia 10 na geji husoma karibu 37. Ringi nayo hutanuka, lakini kidogo kiasi cha kutobadili hesabu. Nyongeza hiyo ya PSI 5 watengenezaji wameshaizingatia: kiwango wanachokibandika kwenye fremu ya mlango wa dereva ni cha tairi lililopoa.

Mtu atasema kupunguza kidogo ni tahadhari isiyodhuru. Inadhuru. Tairi lenye upepo haba hujikunja zaidi ubavuni kila linapozunguka, na mpira unaojikunja na kujikunjua huzalisha joto lake wenyewe. Joto hilo hudhoofisha gundi kati ya tabaka za tairi hadi zikaachana, na gari likiwa na mzigo na mwendo, mpasuko hauko mbali.

Wengine hutegemea nitrojeni, wakiambiwa haitanuki. Hewa ya kawaida yenyewe ni nitrojeni kwa asilimia 78, na kanuni ya Gay-Lussac haipendelei gesi yoyote. Faida ya nitrojeni ni kwamba huja kavu, bila unyevu. Ni kweli pia kwamba kanuni hii hutimia kikamilifu kwa gesi bora tu, ile ya kwenye vitabu. Lakini katika shinikizo la tairi la gari dogo, hewa huikaribia mno hata tofauti isionekane kwenye geji.

Basi pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, ujaze kiwango kilichoandikwa, na geji ikipanda safarini usifungue vali.